Kupanga au Kununua? Makao ya Watoto Wetu Waendao Vyuo Vikuu

 

Ndugu zetu wasomaji, somo letu la mara hii si la tohara wala si la saumu. Ni la nyumba. Huenda baadhi yenu mkauliza: nyumba za kupanga na za kununua zina nini na dini hata ziwekewe darasa? Jawabu ni kuwa vitabu vyetu vya fiqhi vimegawanywa mafungu manne: ibada, muamala, ndoa na jinai, na katika fungu la muamala mna mlango wa kuuza na mlango wa ijara, nalo ndilo fungu tulisomalo kwa haraka na kulisahau upesi. Wengi wetu twajua vyema yatenguayo udhu, lakini twatia saini karatasi ya milioni tatu bila ya kumwuliza mtu.

Usiku mmoja, baada ya darasa ya baina ya Maghribi na Isha, alinijia mtu miongoni mwa wenye kuhudhuria darasa yetu, pamoja na mkewe. Mtoto wao wa kiume alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu cha Juja, upande wa Thika, mwendo wa kilomita zipatazo 36 kutoka Nairobi. Bwana huyu na ndugu zake walikuwa wameuza nyumba ya marehemu mama yao katika Mji wa Kale, na fungu lake lilikuwa shilingi 3,200,000. Alitaka kununua fleti ndogo karibu na chuo, mtoto akae mwake, na baada ya miaka minne iuzwe au ikodishwe.

"Sheikh," akaniambia, "dalali amenambia kodi ni pesa za kutupa. Nikilipa kodi miaka minne nitatoka mikono mitupu. Nikinunua, mtoto atalala na mali yangu iko pale pale."

Mkewe alingoja mpaka mumewe akamaliza. Kisha akasema, "Sheikh wangu, mimi sina ugomvi na babake watoto. Lakini binti yetu yuko Kilifi mwaka wa pili sasa, chumba kimoja wasichana wanne, na choo ni cha ushirika. Yeye hakununuliwa hata meza."

Hayo mawili, la mume na la mke, ndiyo somo letu. Nami nitaanza na la mume, kwani ndilo lililoenea midomoni mwa watu.

Si kweli kwamba kodi ni pesa za kutupa. Wanavyuoni wetu wameieleza ijara kuwa ni kuuza manfaa: mwenye nyumba hukuuzia kukaa, nawe humlipa thamani ya kukaa. Mwenye kulipa kodi ya mwezi na akalala mwezi huo chini ya paa amekwisha pokea alichonunua, kama vile mwenye kununua samaki akamla. Hapana amwambiaye mla samaki kwamba pesa zake amezitupa. Dalali hasemi maneno haya kwa kuwa ni mwanachuoni wa hisabu; ayasema kwa kuwa ujira wake hutoka katika mauzo. Simlaumu, kazi yake ndiyo hiyo. Namlaumu amwendeaye dalali kutaka nasaha.

Basi tukaleta karatasi na kalamu, tukahisabu. Nawapa hisabu yenyewe kwa kuwa kila mzazi aweza kuifanya nyumbani kwake na kutia tarakimu zake mwenyewe.

Fleti aliyooneshwa ilikuwa ya shilingi 3,000,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 120,000. Wakili na gharama nyengine ndogo ndogo tukazikadiria 80,000. Jumla 3,200,000: fungu lake lote la urithi limekwisha, halikubaki hata la kununulia godoro. Kisha jumba lina malipo ya kila mwezi ya mlinzi, taka na taa za ngazini, shilingi 3,000, ambayo kwa miaka minne ni 144,000. Upande wa pili, kukodi fleti kama hiyo hiyo ni shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka, na 720,000 kwa miaka minne.

Hapo bwana wangu akacheka kwa furaha. "Si waona, Sheikh? Laki moja na arubaini na nne kwa laki saba na ishirini!"

Nikamwambia angoje. Yeye ni mtu wa duka. Hizo 3,200,000 lau zingekuwa katika biashara yake zingemletea nini kwa mwaka? Akafikiri, akasema kwa uchache kabisa, mwaka mbaya, asilimia 5. Hiyo ni 160,000 kwa mwaka, na 640,000 kwa miaka minne. Pesa hizo hazionekani katika risiti yoyote, lakini ni zake, na atakuwa amezikosa. Tukizitia katika hisabu, kununua kwamgharimu 784,000, na kupanga 720,000. Na hapo ni ikiwa ataiuza fleti kwa 3,300,000, dalali achukue asilimia 3 yake, na kodi ya serikali ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida halisi, isimguse kwa kuwa faida yenyewe hapana. Fleti isipopanda bei, akaiuza kwa 3,000,000 zile zile, gharama za kununua na za kuuza zitamla 290,000 zaidi, na mambo yatakuwa 1,074,000 kwa 720,000.

Simaanishi kwamba kununua siku zote ni khasara. Hisabu hii hugeuka mara moja ikiwa mzazi ana watoto watatu wafuatanao, na nyumba itatumika miaka kumi au kumi na miwili; kwani ushuru wa stempu na wakili hulipwa mara moja tu, na kodi ya kupanga haikai pahala pamoja, hupanda. Hugeuka vile vile kwa mtu ambaye pesa zake zimelala tu, hazifanyi biashara. Na hugeuka ikiwa fleti ina vyumba viwili na chumba cha pili chaweza kukodishwa kwa mwanafunzi mwengine. Lakini mwenye mtoto mmoja, miaka minne, na duka linalotaka mtaji? Huyo asidanganywe.

Tena miaka minne si lazima iwe minne. Kila mzazi mwenye mtoto katika vyuo vya serikali ajua habari ya migomo ya wahadhiri. Na Machi 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, vyuo vyote vilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao kwa miezi mingi. Aliyepanga alitoa vyombo vyake akarejesha ufunguo. Aliyenunua alibaki na nyumba tupu katika mtaa wa wanafunzi usio na wanafunzi, na mlinzi ataka mshahara wake. Pia mtoto aweza kubadilisha chuo baada ya muhula mmoja; nyumba haibadilishi mtaa.

Jambo jengine, nalo sisi watu wa Mombasa twafaa kulijua kuliko watu wote. Ni nani miongoni mwetu asiyejua nyumba iliyosimama juu ya ardhi ya mtu mwengine? Majengo, Kisauni, Likoni, babu alijenga kwa udongo na makuti, baba akatia mabati, mjukuu akatia saruji, na kila mwezi hulipwa kodi ya ardhi, na karatasi ya ardhi haijapata kuonekana na yeyote. Tukasema "nyumba yetu" miaka sitini, mpaka siku mwenye ardhi alipouza. Ajabu ni kwamba mtu aliyelelewa katika nyumba ya namna hii hupanda gari kwenda Juja, akaoneshwa kuta mpya na vigae vinavyong'aa, akasahau kuuliza ardhi ni ya nani.

Fleti haina kiwanja chake peke yake. Siku hizi sheria ya mwaka 2020 ya milki za sehemu za majumba yamruhusu mwenye fleti kupata hati yake mwenyewe, iliyosajiliwa. Basi ulizia: je, jumba hili limekwisha gawanywa kwa sheria hiyo, au nitapewa mkataba tu na ahadi? Wakili wako, si wa muuzaji, afanye upekuzi rasmi katika afisi ya ardhi. Atazame jina, atazame kama jumba limewekwa rahani benki, na kama ardhi ni ya mkataba wa miaka 99, atazame imebaki mingapi. Wanavyuoni walisharutisha katika kuuza kwamba kiuzwacho kiwe milki ya muuzaji au awe na idhini ya mwenyewe, kiwe chajulikana, na kiwezekane kukabidhiwa. Mtu akifuata sharti hizi tatu barabara, matapeli wengi wa Nairobi watakosa chakula.

Na ile nyumba isiyojengwa bado, iuzwayo kwa picha? Katika madhhabi yetu ya Shafi, kuuza kitu maalumu ambacho hakipo hakusihi. Mabwana wa Kihanafi walijuzisha istisnai, yaani kumwagizia fundi atengeneze kitu kwa sifa zijulikanazo na bei ijulikanayo, na Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jidda mwaka 1992 lilikubali mkataba huo kwa sharti zake: sifa zielezwe wazi na muda uwekwe. Kwa hivyo mlango upo. Lakini mlango kuwapo si hoja ya kuuingia mbio. Wako watu wa mji huu waliolipa milioni kwa picha, na mpaka leo wanayo picha.

Vile vile jihadharini na pesa za kutangulizwa. Desturi ya mauzo katika nchi hii ni mnunuzi kutoa asilimia 10 na kumaliza katika siku 90. Ikiwa mkataba wasema mnunuzi akishindwa pesa zake zimekwenda, hiyo ndiyo arubuni, na kwa Shafi uuzaji wa arubuni ni batili. Imamu Ahmad aliujuzisha. Mtu asifuate kauli ya Ahmad kwa kuwa imempendeza siku ya kuuza, na kauli ya Shafi siku ya kununua.

Sasa nije kwa wale ambao hawana fungu la urithi. Wengi hukopa. Benki humpa mtu milioni tatu na kumtaka arudishe zaidi ya hizo kwa miaka kumi na tano. Hilo sina haja ya kulieleza, nanyi hamna haja ya kulisikia tena. Ni riba, na kusomesha mtoto hakuifanyi isiwe riba. Nasikia wengine wakisema ni dharura. Dharura ni kukosa pa kulala, ndugu yangu, si kukosa pa kulala pako. Maadamu iko nyumba ya kupanga, dharura iko wapi?

Tangu mwaka 2008 nchini Kenya kumefunguliwa benki zifanyazo kazi kwa sharia, Gulf African na First Community, na hii ya pili mwaka 2023 iligeuka ikawa Premier. Zina njia mbili mashuhuri. Ya kwanza ni murabaha: benki hununua nyumba ikawa yake, kisha hukuuzia wewe kwa bei ya juu ijulikanayo, ulipe kidogo kidogo. Ya pili ni ushirika wa kupungua: wewe na benki mwanunua kwa pamoja, walipa kodi ya fungu la benki, na kila mara wanunua sehemu ya fungu hilo mpaka lote likawa lako. Zote mbili zajuzu zikitimizwa kwa hakika. Sharti ya murabaha ni benki imiliki kwanza. Ikiwa kilichopita mikononi ni karatasi tu na pesa, basi jina zuri halibadilishi kitu. Usione haya kuuliza, "Hii nyumba ilikuwa yenu siku gani?"

Lakini halali si lazima iwe nafuu. Tuchukulie nyumba ile ile ya 3,000,000, na benki ikuuzie kwa 4,800,000 kwa miaka kumi. Huo ni mfano tu. Kila mwezi ni 40,000, na nyumba yenyewe yapangika kwa 15,000. Mwenye mshahara wa kuweza hilo, Mungu amzidishie. Asiyeweza atakula deni na watoto wadogo walioko nyumbani watakula mkate mkavu ili kaka yao awe na jiko lake.

Sasa neno la yule mama.

Imepokewa kuwa Bashir alimpa mwanawe Nuuman atia, kisha akamwendea Mtume (S.A.W.) ili amshuhudishe. Mtume akamwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hicho. Akasema la. Mtume akakataa kushuhudia, akamwamrisha kumcha Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto wake. Na Bashir akairudisha atia ile. Imamu Ahmad alichukua kutokana na hadithi hii kwamba kusawazisha ni wajibu. Shafi alisema ni sunna iliyotiliwa mkazo, na kumpendelea mmoja bila ya haja ni makuruhu. Na kwa Shafi kusawazisha ni baina ya mume na mke sawa sawa. Si kama urithi, mmoja mafungu mawili na mwengine moja. Neno hili huwashitua wengi.

Hapa lazima tutenganishe vitu viwili. Kumkimu mtoto kwa kadiri ya haja yake si atia. Aliye mgonjwa hununuliwa dawa, na ndugu zake hawapewi dawa ili wawe sawa. Aliyeko Juja huenda akahitaji pesa nyingi kuliko aliyeko Kilifi, kwa kuwa Kilifi ni saa moja na kitu kutoka nyumbani. Hapana dhulma katika hilo. Lakini kumwandikia mtoto mmoja nyumba kwa jina lake si kumkimu. Ni kumpa shingo ya mali, naye dada yake amepewa kitanda cha juu katika chumba cha watu wanne. Nilimwuliza bwana wangu, "Hati utaandika jina la nani?" Akasema, "La kijana, Sheikh, ili kupunguza usumbufu baadaye."

Usumbufu wa baadaye! Nimekaa katika mabaraza ya kusuluhisha warithi, na naapa kwamba nusu ya usumbufu wa baadaye huzaliwa siku mtu aandikapo jina ili kupunguza usumbufu wa baadaye. Baba hufa. Kijana husema, "Nyumba ni yangu, hati hii." Dada zake husema, "Ilikuwa ya baba, wewe ulikuwa waishi tu." Mama awajua ukweli na hawezi kusema bila ya kumpoteza mmoja. Ikiwa ilikuwa hiba ya kweli na kijana akakabidhiwa, haimo katika tirka. Ikiwa lilikuwa jina tu, ni tirka, na kila mrithi ana fungu lake. Kadhi, ambaye katiba ya mwaka 2010 yamtambua katika mambo ya urithi wa Waislamu, atataka ushahidi wa nia ya mtu aliyekwisha zikwa.

Kwa hivyo, ukinunua, iandike kwa jina lako, na mtoto akae kwa ariya, yaani umemwazima manfaa. Siku yake ikisha atoke aingie mwengine. Ukitaka kumpa kwa hakika, wape na wengine mfano wake, na uandike mbele ya mashahidi kwamba umempa na amekabidhiwa. Na ukiwa umekwisha andika kwa jina lake nawe wajuta, kwa Shafi baba aweza kurejea katika alichompa mwanawe maadamu kingali katika milki yake. Akishakiuza, umechelewa.

Swali la Zaka niliulizwa na kijana mmoja aliyekuwa akitusikiliza nyuma ya nguzo. Nyumba ya kukaa haina Zaka. Nyumba ya kukodisha, Zaka ni katika kodi iliyobaki ikafikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Ama nyumba iliyonunuliwa ili iuzwe kwa faida ni mali ya biashara, na kila mwaka hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake ya sokoni. Mzazi aulize moyo wake: je, nanunua mtoto akae, na nikishamaliza haja niuze? Au nanunua kwa kuwa mtaa huo bei yapanda, na mtoto ni kisingizio? La pili ni biashara, na kwa 3,000,000 Zaka ni 75,000 kwa mwaka, hata ikiwa fleti haijamletea senti.

Na kwa kuwa milioni tatu zilikuwa mezani, nilimwuliza kama amehiji. Akainama. Katika madhhabi yetu mwenye uwezo aweza kuchelewesha Hija akiwa na azma ya kuitimiza, lakini akifa kabla yake hufa ni mwenye kuasi, na hutolewa katika tirka yake mtu wa kumhijia. Mkewe hakusema neno. Alitengeneza buibui yake tu.

Tukisema kupanga ni bora kwa mfano wa huyu, hatusemi kwamba kupanga hakuna taabu. Mimi mwenyewe mwaka 2012 nilimpangia mdogo wangu chumba Nairobi. Nililipa mwezi mmoja na amana ya miezi miwili, nikapewa karatasi nikatia saini nimesimama, gari lanisubiri. Mwaka ulipokwisha mwenye nyumba alizuia amana yote kwa rangi iliyobabuka na kitasa kilichovunjika, vyote viwili vikiwa hivyo hivyo siku tulipoingia. Sikuwa na la kuonesha. Nami ndiye niliyekuwa nikisomesha mlango wa ijara! Tangu siku hiyo nasema: zunguka chumba pamoja na mwenye nyumba kabla ya kulipa, andikeni kila ufa, piga picha kwa simu, na kila mmoja atie saini. Iandikwe kodi ni ngapi, muda ni gani, maji na stima ni juu ya nani, kodi yaweza kupandishwa lini na kwa kiasi gani, na amana itarudi kwa sharti gani. Ijara isiyojulikana muda wake na ujira wake ni fasidi kwa fiqhi, na ni ugomvi kwa desturi. Amana ile ni haki ya mpangaji. Mwenye nyumba Mwislamu aizuiaye bila ya sababu ale akijua ala nini.

Na kwa binti, mzazi aende mwenyewe akatazame. Siku hizi gari moshi latoka Mombasa asubuhi na jioni umo Nairobi. Tangu mwaka 2017 hapana udhuru wa kutokwenda. Atazame njia ya kutoka maktaba mpaka mlangoni saa mbili usiku, taa ziko au haziko, na ni nani mwengine ana ufunguo. Wako wasemao kwamba dawa ni kumrudisha nyumbani asisome. Hao tulikwisha wajibu katika masomo yetu yaliyopita, nami sitarudia.

Limebaki moja ambalo laniuma. Zamani mwanafunzi wa elimu hakuwa mpangaji wala mnunuzi. Nidhamul-Mulk alipofungua Nidhamiya ya Baghdadi mwaka 1067, wanafunzi walipewa vyumba na posho kutokana na wakfu. Al-Azhar kulikuwa na riwaqi za kila watu: za Maghribi, za Sham, za watu wa Pembe ya Afrika. Na hapa kwetu Lamu, msikiti wa Riyadha ulilea wanafunzi kutoka pwani nzima. Nami nililala Lamu miaka mitatu katika chumba cha watu watano, sikulipa kodi hata mwezi mmoja. Aliyekijenga chumba kile alikuwa amekwisha kufa kabla sijazaliwa.

Miji yetu ya pwani ina mali za wakfu, na nchi ina Tume ya Wakfu kwa sheria ya mwaka 1951. Je, ni ipi katika nyumba hizo iliyoko Juja, au Kahawa, au Eldoret, kwa ajili ya watoto wa Mombasa, Malindi na Lamu? Fanyeni hisabu ndogo. Jamaa kumi, kila mmoja alipa 15,000 kwa mwezi, ni 1,800,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni 3,600,000, zaidi ya bei ya fleti nzima. Sisemi waache kulipa kodi waende kununua. Watoto watalala wapi kwa miaka hiyo miwili? Nasema kwamba mji utoao kiasi hicho kila mwaka bila ya kuhisi si mji wa maskini. Wenye fungu la urithi lisilo na kazi, na wasio na watoto wa kusomesha, hao ndio naowaambia. Umar alipopata ardhi Khaybar iliyompendeza kuliko mali yake yote, Mtume alimshauri aizuie asili yake na ayatoe matunda yake sadaka. Fleti moja ya vyumba viwili yalaza wanafunzi wanne, na baada yao wanne wengine.

Yule bwana na mkewe walirudi baada ya wiki mbili. Walikuwa wamempangia kijana chumba Juja pamoja na mtoto wa Malindi, kodi wakigawana, na binti amehamishiwa chumba cha watu wawili chenye choo chake. Pesa nyingi zilikuwa zimerudi dukani, na sehemu imewekwa kando kwa Hija ya watu wawili. Akanitolea mkataba nimsomee kabla hajatia saini. Niliona kodi, muda, na amana. Haikuandikwa maji ni juu ya nani. Nikamwambia ampigie simu mwenye nyumba pale pale, naye akapiga. Wakati yeye akizungumza, mkewe aliipindua karatasi, akanyoosha kidole penye mstari wa chini, akaniuliza, "Na hili dirisha lisilofungika, Sheikh, liandikwe wapi?"